Kuzunguka miji ya Umbria bila gari: anza kupanga kutoka mwisho

Umbria iko katikati ya Italia. Haina pwani wala haipakani na nchi nyingine. Mkoa huu una manispaa 92: 59 katika wilaya ya Perugia na 33 katika wilaya ya Terni. Ni mbili tu, Perugia na Terni zenyewe, zenye watu zaidi ya 100,000. Zilizobaki ni miji midogo na vijiji, hadi Poggiodomo huko milimani ambako wakazi hawafiki hata mia mbili.

Karibu kila mji wenye sifa ulijengwa juu ya kilima kwa ajili ya ulinzi, na reli ilipokuja karne ya 19 ilipitishwa bondeni. Hapo ndipo wageni wengi wanapokwama. Treni inawafikisha salama, wanashuka kwenye stesheni tulivu, wanainua macho na kuuona mji kule juu, kilomita 4 mbele yao, na basi limeshaondoka.

Kwa hiyo safari ya Umbria hupangwa kutoka mwisho. Kabla hujatazama treni, jua utapandaje kutoka stesheni hadi mjini, na muhimu kuliko hilo, jioni utashukaje. Ukishalipata basi la mwisho la kushuka, rudi nyuma utafute treni inayoendana nalo. Anayeanza na treni huishia kulipa teksi.

Reli zilivyokaa, na mahali pa kulala

Njia ya kwanza ni ya Roma hadi Ancona. Inapita Narni, Terni, Spoleto, Trevi na Foligno, kisha Nocera Umbra, Gualdo Tadino na Fossato di Vico kabla ya kuingia mkoa wa Marche. Ya pili inachepuka Foligno kuelekea magharibi: Spello, Assisi, Perugia, halafu ukingo wa Ziwa Trasimeno kupitia Magione, Passignano na Tuoro, na kuishia Terontola, ambayo tayari iko Toscana. Ya tatu ni ya Firenze hadi Roma, inayogusa upande wa magharibi tu. Humo stesheni kubwa ni Orvieto.

Ipo pia reli ndogo ya ndani, Ferrovia Centrale Umbra, iliyojengwa kuunganisha Sansepolcro, Città di Castello, Umbertide, Perugia, Todi na Terni. Ilisimamishwa mwaka 2017 kwa ajili ya ukarabati, na kipande cha kaskazini kikafunguliwa kwanza. Ukiona programu ya simu inakupa safari ya kwenda Todi kwa njia hiyo, soma vizuri alama ndogo iliyo kando: mara nyingi ni ya basi, si ya treni, na basi hilo huenda lisisimame mbele ya stesheni.

Foligno ndipo njia mbili za kwanza zinapokutana, na ndipo pa kulala. Mji wenyewe ni tambarare, na kutoka stesheni hadi katikati ni dakika kama 10 kwa miguu. Ukiwa hapo, Spello ni chini ya dakika 10 kwa treni, Assisi kama robo saa, Spoleto kama dakika 20, Perugia kama dakika 40, na Roma chini ya saa mbili kwa treni ya moja kwa moja. Wengi hulala Assisi kwa sababu ya jina. Hulipa zaidi, na kila asubuhi huanza siku kwa kungoja basi la kushuka bondeni. Perugia inamfaa anayetaka mabasi ya moja kwa moja ya Gubbio na Todi, au anayependa mji wenye wanafunzi wengi na uhai wa usiku.

Orvieto ina mtego wake. Kwenye ramani iko karibu na Perugia na Todi, lakini hakuna reli inayokatiza vilima hivyo. Kutoka Foligno unateremka hadi Orte, mkoani Lazio, unabadilisha treni, kisha unapanda tena kaskazini. Kutoka Perugia unabadilishia Terontola. Usiifanye safari ya kwenda na kurudi siku moja. Iweke siku ya kwanza au ya mwisho, ukiwa njiani kutoka Roma au Firenze au ukielekea huko.

Anayetua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, si lazima aende stesheni kuu ya Termini. Treni za FL1 hutoka uwanjani hadi Roma Tiburtina, na baadhi huendelea hadi Orte, ambako unaunganisha kuelekea Terni na Foligno au kuelekea Orvieto. Ni za polepole lakini ni nafuu kuliko Leonardo Express, treni ya moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Termini, na zinakuepusha na purukushani za Termini ukiwa na mizigo.

Jina la stesheni lisikudanganye

Stesheni nyingi za Umbria zina majina mawili: Narni-Amelia, Fossato di Vico-Gubbio, Fabro-Ficulle, Allerona-Castel Viscardo. Jina la kwanza ni la mahali stesheni ilipo. La pili ni la mji unaohudumiwa kutoka hapo, na unaweza kuwa mbali sana. Gubbio iko kilomita kama 20 kutoka Fossato di Vico, na Amelia iko zaidi ya kilomita 10 kutoka stesheni ya Narni. Hata jina la kwanza si hakikisho la kuukaribia mji: Narni yenyewe iko juu ya mwamba, na wewe umeshuka Narni Scalo.

Maneno Scalo na Borgo kwenye anwani yasomwe kwa makini kabla ya kulipia chumba. Orvieto Scalo ni mtaa wa stesheni chini ya mwamba, na Borgo Trevi ni mtaa wa bondeni chini ya Trevi. Vyumba vya huko huwa nafuu, na tangazo litaandika kwa uaminifu kabisa "Orvieto" au "Trevi", kwa kuwa ni manispaa hiyohiyo. Manispaa ya Italia ni eneo, si mji peke yake. Gubbio ina zaidi ya kilomita za mraba 500, kwa hiyo nyumba "iliyoko Gubbio" inaweza kuwa shambani, saa kadhaa za kutembea kutoka uwanja mkuu. Kwenye anwani tafuta neno "centro storico", yaani mji wa kale, kisha uhakikishe kwenye ramani. Ukiona "frazione" au "località", uko nje ya mji.

Tiketi

Bei ya treni za kawaida, zinazoandikwa Regionale au Regionale Veloce, hufuata umbali. Haipandi kwa kuchelewa kununua wala haishuki kwa kuwahi, hivyo nunua siku hiyohiyo na uache nafasi ya kubadili mpango. Treni za Intercity ni tofauti: tiketi yake ni ya treni hiyo na kiti hicho tu.

Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo ya stesheni kabla ya kupanda, na baada ya hapo inatumika kwa saa 4. Tiketi ya simu haina muhuri, lakini inadai hatua yake: lazima ufanye "check-in" kwa kubofya kiungo ulichotumiwa, kabla ya kuingia kwenye behewa. Kulipia peke yake hakutoshi. Wageni wengi wanaopigwa faini wamelipa nauli yao sawasawa, ila wameruka hatua hii moja. Mashine ya muhuri ikiwa mbovu, mtafute mkaguzi wewe mwenyewe kabla hajakufikia.

Tiketi za mabasi huuzwa kwenye duka la "tabacchi", lenye kibao cha herufi T nyeupe, kwenye baadhi ya vioski vya magazeti, au kwa simu. Ndani ya basi ni ghali zaidi, na dereva anaweza kukosa chenji. Nunua ya kurudi pale unaponunua ya kwenda, maana huko juu Jumapili mchana duka litakuwa limefungwa.

Ratiba ya basi: hapa ndipo siku huharibika

Saa huandikwa kwa mtindo wa 24, hivyo 13:40 ni saa 7 na dakika 40 mchana, na 19:05 ni saa 1 na dakika 5 jioni. Hilo ni jepesi. Kazi iko kwenye herufi ndogo zilizo juu ya kila safu.

"Feriale" ni Jumatatu hadi Jumamosi. Jumamosi imo, na wengi huikosea. "Festivo" ni Jumapili na sikukuu za taifa, zikiwemo 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni, 15 Agosti, 1 Novemba na 8 Desemba, pamoja na Jumatatu ya Pasaka na sikukuu za Noeli na Mwaka Mpya. "Scolastico" ni siku za shule tu. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mabasi mengi ya vijijini yapo kwa ajili ya wanafunzi. Asubuhi yanashuka kuwapeleka shule, mchana yanawarudisha vijijini, yaani kinyume kabisa na anavyotaka mtalii. Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba safari hizo hazipo.

Kwa hiyo fanya hivi kila unapopanga. Fungua ratiba ya kampuni ya basi yenyewe (sehemu kubwa ya Umbria ni Busitalia) badala ya kutegemea ramani ya simu peke yake. Hakikisha ni ya msimu ulionao, kwa kuwa ya kiangazi na ya baridi hutofautiana. Tafuta siku yako kati ya feriale, festivo na scolastico. Andika basi la mwisho la kurudi na lile lililo kabla yake, kisha panga kurudi na hilo lililo kabla. La mwisho liwe akiba. Ukifika, uliza dereva kituo cha kurudia kiko wapi; mara nyingi si pale uliposhukia, ni ng'ambo ya barabara au kwenye uwanja mwingine.

Mji kwa mji: jinsi ya kupanda

Orvieto ni rahisi kuliko yote. Mbele ya stesheni, ng'ambo ya barabara, kuna treni ya kamba inayopanda mwamba kwa dakika chache hadi Piazza Cahen. Ilianza mwaka 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji, ikafungwa, na ikarudi mwaka 1990 ikitumia umeme. Ukishuka juu, usikimbilie basi la kanisa kuu. Kisima cha Pozzo di San Patrizio kiko hatua chache kutoka hapo: kina cha mita zaidi ya 50, kilianza kuchimbwa mwaka 1527, na kina ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, moja ya kushukia na moja ya kupandia, ili punda waliobeba maji wasigongane. Vidato ni 248, kwa hiyo afadhali uvimalize asubuhi. Kutoka hapo hadi kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290, ni robo saa kwa miguu.

Perugia: stesheni kuu iko mtaa wa Fontivegge, chini sana. Toka nje, panda Minimetrò, vibehewa vidogo visivyo na dereva vilivyoanza kazi mwaka 2008, hadi kituo cha mwisho cha Pincetto, kisha fuata ngazi za umeme na lifti hadi juu. Vibehewa hivyo huacha kazi mapema, karibu saa 3 usiku, kwa hiyo ukila chakula cha jioni mjini jiandae kwa basi. Njia nyingine inaanzia Piazza Partigiani, kituo cha mabasi ya mbali: ngazi za umeme zinapita ndani ya Rocca Paolina, ngome ya Papa Paulo III iliyozika mtaa mzima chini yake. Unapita kwenye vichochoro vya kale vilivyofunikwa na ngome. Hata kama huna haja ya kushuka Partigiani, ipite njia hii mara moja.

Assisi, au Asizi kama Wakatoliki wa kwetu wanavyoiita, ina stesheni yake Santa Maria degli Angeli, bondeni, kilomita kama 4 kutoka mji wa juu. Panda basi la mstari C hadi mwisho, Piazza Matteotti, kilele cha mji, halafu utembee ukiteremka: kanisa kuu la San Rufino, uwanja mkuu, basilika ya Mtakatifu Klara, na mwisho basilika ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanza kujengwa mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya kifo chake. Wanaoshukia kituo cha kwanza hulazimika kuupanda mji wote kwa miguu, na wakifika nusu wamechoka. Kanisa la Santa Maria Maggiore, lenye kaburi la Carlo Acutis aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2025, linavuta umati siku hizi. Liendee mapema asubuhi. Kurudi stesheni unaweza kutembea kwenye njia ya matofali iliyo kando ya barabara, ambayo matofali yake yana majina ya wafadhili, ukaingia basilika ya Santa Maria degli Angeli kuiona Porziuncola, kikanisa kidogo kilichomo ndani ya kanisa kubwa. Mabega na magoti yafunikwe, na ndani ya basilika ya Mtakatifu Fransisko picha haziruhusiwi. Tarehe 3 na 4 Oktoba mji hufurika. Bila chumba ulichoshika miezi kadhaa kabla, usijaribu.

Spello haihitaji chochote: dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni na uko kwenye lango la Kirumi. Iunganishe na Assisi siku moja. Spoleto inataka kutembea kama robo saa kutoka stesheni hadi maegesho ya Ponzianina. Hapo kuna ngazi na mikanda ya umeme, bila malipo, inayokupandisha hadi ngome ya Rocca Albornoziana. Trevi, mji wa mafuta ya zeituni, ni mzuri lakini mabasi ya kupanda ni machache mno. Ama teksi, ama uache.

Gubbio ina njia mbili. Kuna basi la moja kwa moja kutoka Piazza Partigiani, Perugia, zaidi kidogo ya saa moja. Au treni hadi Fossato di Vico, kisha basi la nusu saa. Kwa anayelala Foligno njia ya pili ni fupi, ila ina sehemu moja dhaifu: treni ikichelewa, basi halingoji. Chagua muungano wenye dakika 20 au zaidi katikati. Ukifika, lifti ya umma hukupandisha hadi sehemu ya juu ya mji. Ndani ya Palazzo dei Consoli kuna mabamba saba ya shaba yenye maandishi ya lugha ya Kiumbria, ya kabla ya Kilatini kutawala, na hakuna maandishi marefu zaidi ya lugha hiyo popote. Tarehe 15 Mei ni Mbio za Ceri, ambapo watu hukimbia wamebeba nguzo kubwa za mbao. Barabara hufungwa na mabasi hubadilishwa njia, kwa hiyo siku hiyo uje kwa ajili ya mbio au usije kabisa.

Norcia na Cascia ndizo zinazodai nidhamu. Reli ya Spoleto hadi Norcia ilifungwa mwaka 1968, na leo ni njia ya baiskeli na ya miguu. Unabaki na basi kutoka stesheni ya Spoleto, mwendo wa saa moja hivi. Nenda siku ya kazi, usiende Jumapili. Norcia ni mji wa Mtakatifu Benedikto, na uliumizwa vibaya na tetemeko la tarehe 30 Oktoba 2016, lenye ukubwa wa 6.5, lililoangusha basilika yake. Kabla ya kwenda angalia kilicho wazi. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa ni sifa ya mji huu, hivyo asiyekula nguruwe aulize kila kitu dukani. Dengu za Castelluccio ni salama, ila supu yake wakati mwingine hupikwa na soseji. Castelluccio penyewe, kijiji kilicho juu ya mita 1,400 ndani ya manispaa hiyohiyo ya Norcia, hakifai kwa asiye na gari. Msimu wa maua, kati ya mwisho wa Mei na mapema Julai, kuna mipango maalumu ya usafiri; miezi mingine sahau.

Cascia ni mji wa Mtakatifu Rita, na mahujaji hutoka mbali sana kuja. Sikukuu yake ni 22 Mei. Kwa anayekuja kusali, kulala Cascia usiku mmoja ni bora kuliko kuigusa na kurudi, kwa sababu mabasi yatakunyima jioni, na Roccaporena alikozaliwa Rita iko kilomita kama 5 zaidi. Usijaribu kuunganisha Cascia na Norcia siku moja kwa basi kama hujakaa na ratiba mkononi ukathibitisha kila muungano.

Ziwani, shuka Passignano: gati la boti liko karibu na stesheni, na boti huenda Isola Maggiore. Tuoro, jirani yake, ndiko Hannibal wa Karthago alikoliteketeza jeshi la Roma mwaka 217 KK. Castiglione del Lago haiko kwenye njia ya Foligno. Iko kati ya Chiusi na Terontola, na ukitoka Foligno lazima ubadilishe treni Terontola.

Saa za mji na siku za mgomo

Maduka madogo hufungwa kuanzia saa 7 mchana hadi karibu saa 10, na makanisa mengi pia. Pandia mji asubuhi, kula mchana, tembea tena jioni. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, hivyo Jumatatu ifanye siku ya ziwa au ya maporomoko ya Marmore karibu na Terni. Hayo nayo yana saa zake: maji huelekezwa kwenye mtambo wa umeme na kufunguliwa kwa vipindi tu, na nje ya vipindi hivyo utakuta mwamba uliolowa. Soma ratiba ya maji kama unavyosoma ya basi.

Mgomo wa usafiri, "sciopero", hutangazwa siku kadhaa kabla. Siku za kazi treni za mkoa zinazohakikishwa ni zile za saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Mabasi yana saa zake za dhamana, tofauti kwa kila kampuni. Mgomo ukiangukia siku yako ya Norcia au Gubbio, ibadilishe na siku ya Spello: kutoka Foligno hadi huko ni kilomita kama 5 tu za tambarare, na hata treni zote zikisimama utafika kwa miguu.